Viungo vya Majani Mwanza: Kupanda Mahali Ambapo Mchana Haurefuki

Nyuma ya pakiti nyingi za mbegu za viungo zinazotoka Ulaya huchapwa kalenda ndogo ya miezi 12, na baadhi ya miezi hiyo hutiwa rangi ya kijani kuonyesha wakati wa kupanda. Kwa kawaida rangi huanzia Machi au Aprili na kukoma karibu na Agosti. Mkulima wa Nyegezi au Buhongwa anayenunua pakiti hiyo dukani hujaribu kuifuata kwa uaminifu, kisha hushangaa kuona kotimiri imechanua kabla hajaitumia hata mara tatu, ilhali mnanaa uliopandwa siku ileile umetambaa hadi nje ya tuta bila kutoa ua hata moja. Kalenda ile si ya uongo. Imepangwa kwa kufuata baridi ya huko ilikotoka na kurefuka kwa mchana wa huko, na mambo hayo mawili hapa kwetu hayapo. Mwongozo huu unaeleza cha kufuata badala yake, iwe unapanda kwenye tuta, kwenye ndoo iliyotobolewa au kwenye karai kuukuu kando ya mlango wa jikoni.

Mchana wetu una saa ngapi

Mji wa Mwanza uko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo mchana wake mrefu kuliko yote, unaoangukia Desemba, unapita kidogo saa 12 na robo, na ule mfupi kuliko yote, wa Juni, unakaribia saa 12 kamili. Tofauti kati ya hiyo miwili haifiki dakika 20. Linganisha na London, ambako mchana wa Juni unazidi saa 16 na ule wa Desemba haufiki saa 8. Mmea wa kule hupokea taarifa kubwa kutoka angani kila mwezi, wakati mmea wa hapa hupokea taarifa ileile mwaka mzima.

Wapo watakaobisha, na wana sababu ya kubisha, kwa kuwa wanaona kwa macho yao kwamba kuna miezi ambayo jua huwahi na miezi ambayo huchelewa. Mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza Mwanza karibu saa 12:26 asubuhi na kuzama karibu saa 12:38 jioni. Katikati ya Februari huchomoza karibu saa 12:57 asubuhi na kuzama karibu saa 1:08 usiku. Ukitazama jioni peke yake utasema mchana wa Februari ni mrefu kwa nusu saa, lakini nusu saa iliyoongezwa jioni imekwisha kukatwa asubuhi. Kinachosogea ni mchana mzima, kwa sababu dunia haiendi kwa mwendo ulio sawa katika safari yake ya kulizunguka jua na mhimili wake umeinama. Mmea hauna saa ya ukutani na haujui kwamba jua limechelewa, bali hupima tu ni muda gani umekaa gizani.

Kuna nyongeza moja ndogo ya kukumbuka. Mwanga hafifu wa kabla ya jua kuchomoza na ule wa baada ya kuzama, ambao kila mmoja huchukua dakika 20 na ushei, nao huhesabiwa na mmea kwa kiasi fulani. Kwa hiyo bustani iliyo nyuma ya majabali, kama zilivyo nyingi katika vilima vya mji huu, hupoteza jua kali la asubuhi au la jioni, ila urefu wa mchana wake unabaki karibu uleule, maana anga limekwisha kung'aa hata kama jua lenyewe bado limefichwa na jiwe.

Usiku ndio unaopimwa

Elimu hii ilianza kuwekwa wazi mwaka 1920, watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, Garner na Allard, walipochapisha matokeo ya majaribio yao ya tumbaku na soya. Walikuwa na tumbaku ya aina moja iliyorefuka majira yote ya joto bila kuchanua, na walipoifungia gizani mapema kila siku ili kufupisha mchana wake, ikachanua. Wataalamu waliofuata waligundua kwamba mmea kwa kweli hupima urefu wa giza lisilokatizwa, kwa kutumia kemikali iliyo ndani ya majani inayoitwa fitokromu. Ndiyo maana mwanga mchache katikati ya usiku unaweza kuuhadaa mmea ukadhani usiku umekuwa mfupi.

Mimea hugawanyika katika makundi matatu: ile inayochanua mchana ukiwa mrefu, ile inayochanua mchana ukiwa mfupi, na ile isiyojali. Ndani ya kundi la kwanza na la pili imo mimea mikali ambayo haichanui kabisa isipopata usiku inaoutaka, na imo mimea mipole ambayo huchanua tu hata hivyo, ila huwahi zaidi ikiupata. Tofauti hii ya ukali na upole ndiyo inayoeleza vituko vingi vya bustani za Mwanza.

Kotimiri, ambayo hulaumiwa bure

Kotimiri, ambayo mbegu yake ndiyo giligilani, ni mmea wa mchana mrefu ulio mpole. Mchana ukiwa wa saa 16 huchanua mapema, lakini ukiwa wa saa 12 pia huchanua, ikichelewa kidogo. Hii ina maana kwamba kwa upande wa mwanga sisi tuna bahati kuliko mkulima wa Ulaya katika majira yake ya joto. Kama kotimiri yako inakimbilia maua Mwanza, usiulaumu mchana. Sababu huwa ni joto la udongo, kiu, msongamano, kuhamishwa kutoka kitaluni, au umri tu.

Nakumbuka tuta langu moja lililonifundisha kuangalia usiku. Lilikuwa na urefu wa kama mita nne, limepandwa siku moja kwa mbegu za mfuko mmoja na kumwagiliwa kwa ndoo zilezile. Upande uliokaribia ukuta ulianza kuinua vikonyo vya maua siku kadhaa kabla ya upande wa pili. Nilichimbua udongo, nikapima unyevu kwa kidole, nikadhani labda samadi haikusambaa sawasawa. Jirani yangu, mama anayeuza mboga, aliyekuja jioni kuchukua mafungu yake, ndiye aliyeinua kichwa akauliza, "Na hiyo taa yenu inalala saa ngapi?" Taa ya ulinzi niliyoifunga ukutani ilikuwa ikiwaka hadi asubuhi. Niliigeuza ielekee getini, na tuta lililofuata mahali palepale likachanua kwa pamoja. Tuta moja si utafiti, lakini tabia hiyo inakubaliana na kinachojulikana kuhusu mmea huu, na tangu siku hiyo huwa natembea bustanini saa 4 usiku kabla ya kuchagua mahali pa kuupanda. Kipimo changu ni rahisi: nikiweza kusoma vichwa vya habari vya gazeti mahali pale, pana mwanga wa kutosha kuuchanganya mmea.

Upandaji wenyewe ufanyike hivi. Kila punje ya giligilani ina mbegu mbili ndani yake, kwa hiyo isugue taratibu chini ya ubao au chupa mpaka igawanyike bila kusagika, kisha iloweke usiku mmoja. Ipande moja kwa moja mahali itakapokulia, kina cha sentimita moja hadi mbili, kwa mistari iliyoachana sentimita 20 hadi 25, kwa kuwa mzizi wake mrefu hauvumilii kuhamishwa. Huota kati ya wiki moja na mbili. Anza kukata majani baada ya wiki tano au sita hivi, ukianzia yale ya nje. Usipande tuta zima siku moja. Panda mstari mmoja kila baada ya wiki mbili au tatu, na utakuwa na majani mabichi ya kumalizia mchuzi wa sato mwaka mzima badala ya kuwa na mzigo mmoja unaozeeka kwa pamoja.

Kivuli cha mchana kuanzia saa 6 hadi saa 10 husaidia sana, lakini aina ya kivuli ina uzito wake. Neti ya kivuli, makuti au turubai jepesi hupunguza ukali wa jua bila kubadilisha sana rangi zilizomo ndani ya mwanga. Kivuli cha mwembe ni kitu kingine kabisa: majani ya mti hufyonza mwanga mwekundu na kuachia ule mwekundu wa mbali ambao jicho halioni vizuri, na mmea ulio chini yake huusoma mwanga huo kama dalili kwamba umezidiwa na majirani. Hurefusha shina, hupunguza majani, na kwa mimea kama kotimiri huweza hata kuharakisha maua. Wengi huikimbizia kotimiri chini ya mti wakidhani wanaiokoa.

Dalili ya kwanza ya maua haiko juu bali iko katikati ya shina. Majani mapya yanayotoka hapo hupoteza upana wake na kuwa membamba kama nyuzi, na ukiyavunja harufu yake huwa imeanza kubadilika. Ukiona hivyo, kukata kikonyo hakutairudisha nyuma. Vuna shamba lote pamoja na mizizi, ambayo ni mitamu ikisagwa kwenye viungo vya nyama, au iache izae giligilani utakazopanda tena.

Mnanaa unaosubiri kisichokuja

Mnanaa nao ni wa mchana mrefu, lakini kwa ukali ni kinyume cha kotimiri. Aina nyingi zinazopandwa kwa ajili ya chai, hasa ule mnanaa mkali unaopoza mdomo, huhitaji mchana unaopita saa 12 kwa kiasi kikubwa ndipo zisimame na kuchanua. Zikiwa chini ya mchana mfupi hulala, hutoa majani madogo zaidi na kutuma vitambazi pande zote. Mtu aliyewahi kuona picha za mashamba ya mnanaa ya nchi za kaskazini, yenye mashina yaliyosimama kama mpunga, atadhani kwamba wake una ugonjwa. Hauna ugonjwa wowote. Unasubiri Juni ya Ulaya, na hapa Juni ndiyo yenye mchana mfupi kuliko miezi yote.

Kwa mpishi hii ni faida, kwa sababu mmea usiochanua huendelea kutoa majani. Kinachotakiwa ni kuudhibiti. Upande ndani ya ndoo isiyo na kitako iliyozikwa ardhini huku mdomo wake ukibaki juu kwa vidole viwili, au kwenye chombo chake peke yake. Kata mashina yote hadi sentimita tano kutoka ardhini kila baada ya wiki sita hivi, mwagia mboji, na kila mwaka ng'oa shina la katikati lililochoka na kupanda upya vitambazi vya pembeni. Usinunue mbegu. Mnanaa wa mbegu huja na harufu mchanganyiko, wakati kipande cha kitambazi chenye vifundo vitatu kutoka kwa jirani kitakupa harufu ileile uliyoinusa kwake.

Wengine kwa ufupi

Zaatari, ambayo wauzaji wengi wa mjini huiita thaimu, pamoja na oregano, nazo hutegemea mchana mrefu ili kuchanua vizuri, na kwa hiyo katika bustani za hapa hubaki zaidi kuwa majani. Adui yao Mwanza ni maji ya masika kuliko mwanga. Udongo wa kichanga wa miinuko, ambao Wasukuma huuita luseni, unazifaa mno kwa sababu haushiki maji. Udongo mweusi wa mbuga huziozesha mizizi. Kwa kuwa hutapata mbegu za kuaminika, zizalishe kwa vipandikizi vya urefu wa kidole, vilivyoondolewa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu.

Pasili na seleri hazisubiri mchana bali baridi. Ili zichanue zinahitaji kukaa wiki kadhaa katika baridi ambayo usiku wa ukanda wa ziwa haufikii, hata ule wa Juni na Julai. Kwa kawaida, basi, pasili iliyotunzwa hapa huendelea kukatwa majani kwa muda mrefu kuliko huko ilikotoka. Ugumu wake uko mwanzoni tu, maana mbegu huweza kuchukua wiki tatu au nne kuota, na wengi huuvuruga udongo kwa kukata tamaa siku ya 15.

Mrehani haujali sana urefu wa mchana. Huchanua unapofikia umri wake na kupata joto, basi. Ukifika sentimita 20, kata ncha juu ya jozi ya pili au ya tatu ya majani, na kutoka kwenye makwapa ya jozi hiyo yatachipuka matawi mawili. Rudia kila unapoona vichwa vya maua vinajikusanya kileleni, kabla havijafunguka. Mrehani ulioachwa uchanue hupunguza ukubwa wa majani, na shina lake hugeuka kuwa mti. Matawi yaliyokatwa huota mizizi ndani ya glasi ya maji kwa wiki moja au mbili, kwa hiyo mtu aliyenunua mche mmoja hana sababu ya kununua wa pili.

Vitunguu vinastahili onyo, ingawa si kiungo cha majani kwa maana kamili. Kitunguu huanza kujaza kichwa mchana unapofikia urefu fulani, na aina zilizozalishwa kwa ajili ya nchi za kaskazini hudai saa 14 au zaidi. Ukizipanda Mwanza zitatoa majani mazuri mwezi baada ya mwezi na kichwa hutakiona. Kwa kichwa tafuta aina za mchana mfupi, kama Red Creole. Lakini ikiwa umekwisha kununua pakiti isiyofaa, usiitupe: ipande kwa msongamano na uikate kama vitunguu majani.

Upo pia upande wa pili wa mizani, mimea inayopenda usiku mrefu. Rozela ni mfano mzuri, na aina nyingi za mchicha pia. Usiku wetu wa karibu saa 12 unazitosha mwaka mzima, ndiyo sababu mchicha uliocheleweshwa kuvunwa huinua mikia ya mbegu haraka. Dawa yake ni kuung'oa ukiwa mchanga na kupanda tena mara kwa mara.

Kuurefusha mchana kwa taa

Upande wa kaskazini wa ziwa hili hili, nchini Uganda, hulimwa krisanthemamu kwa ajili ya kuuza nje vipandikizi vyake, na kwa kuwa ua hilo huchanua usiku ukiwa mrefu, wakulima huwasha taa usiku ili mimea ibaki majani. Mbinu hiyo inawezekana hata nyumbani, ingawa mimi sioni kama inalipa isipokuwa kwa anayetaka maua ya zaatari kwa ajili ya nyuki wake, au anayetaka kuona kwa macho yake jambo hili linavyofanya kazi.

Si lazima kuwasha tangu jua linapozama. Inatosha kuukata usiku katikati: washa kuanzia saa 4 hadi saa 8 usiku, taa yenye mwanga wa njano ikiwa imening'inizwa kama mita moja juu ya mimea, kila usiku bila kuruka, kwa wiki kadhaa. Tumia swichi ya kujizima yenyewe, kwa sababu usahaulifu wa usiku mchache, au umeme kukatika, unaweza kuharibu hesabu ya mmea. Mwanga huu ni wa kutoa taarifa tu, na hauwezi kuchukua nafasi ya jua katika kuulisha mmea. Mnanaa uliowekwa ndani ya nyumba yenye giza mchana, kisha ukawashiwa balbu usiku, utarefuka na kupauka.

Walio karibu na maji wajihadhari na jambo moja. Kuna nyakati ambapo wadudu wadogo wa ziwani huinuka kama moshi na kuifuata taa yoyote inayowaka, na asubuhi utayakuta majani yamefunikwa na tabaka lao. Suuza kwa maji mengi kabla ya kukata chochote cha kupeleka jikoni, au zima taa hadi wapite na uanze hesabu upya.

Kalenda ya kuandika mwenyewe

Badala ya rangi za kijani za kwenye pakiti, weka daftari lenye safu nne: tarehe ya kupanda, tarehe ya mvuno wa kwanza, siku kikonyo cha kwanza kilipoonekana, na maneno mawili kuhusu hali ya hewa. Kwa kotimiri, Juni na Julai, ambapo usiku hupoa, hutoa majani kwa muda mrefu iwapo una maji ya kumwagilia. Masika ni wakati wa kuinua matuta na kuwahi kupalilia, kwa kuwa miche hufa kwa kuoza shingo. Septemba na Oktoba, kabla vuli haijakolea, ni wakati wa matandazo mazito na neti. Mawingu ya masika hupunguza nguvu ya mwanga na hivyo hupunguza kasi ya ukuaji, lakini hayafupishi mchana, kwa hiyo usitarajie yabadilishe tarehe ya maua kwa namna ileile yanavyobadilisha uzito wa fungu. Baada ya mizunguko minne au mitano, safu ya tatu ya daftari itakuambia ni baada ya siku ngapi tuta lako hukimbilia maua katika kila majira, na mstari mpya unapaswa kuwa umekwisha ota wiki mbili kabla ya siku hiyo.